Ardhi Inapigana, na Haikwambii

Chukua askari wawili wa Heroes of Might and Magic III, gemu iliyotoka 1999 na ambayo wasee bado wanaicheza hadi leo. Mmoja ni Pikeman, binadamu wa mkuki kutoka mji wa Castle. Mwingine ni Gnoll, kiumbe mwenye kichwa kama cha fisi kutoka mji wa Fortress. Ukiangalia kasi yao, wote wako na 4. Sawa kabisa.

Sasa wapeleke wakapigane kwenye kinamasi. Gnoll anakuwa na kasi ya 5, na zamu yake inakuja kwanza. Shambulio lake limeongezeka 1, ulinzi pia 1. Wahamishe hadi kwenye nyasi na mambo yanageuka: sasa Pikeman ndiye mwenye 5. Hakuna aliyeenda mazoezi, hakuna aliyebadilisha silaha. Kilichobadilika ni udongo tu.

Hiyo ndiyo ardhi ya nyumbani, na kila mji uko na yake. Castle na Rampart ni nyasi. Tower ni theluji, Inferno ni lava, Necropolis ni udongo mtupu, Dungeon ni mapangoni, Stronghold ni ardhi ya mawemawe, Fortress ni kinamasi. Mtu atasema pointi moja ni kitu gani. Lakini kwenye hesabu ya hii gemu, kila pointi ambayo shambulio lako linazidi ulinzi wa adui inaongeza madhara kwa asilimia 5. Na kasi ndiyo inaamua nani anagonga kabla ya kugongwa. Vikosi viwili vinavyotoshana vikikutana, huyo wa kwanza kugonga anapigana na kundi ambalo limeshapungua.

Mimi sina shida na ardhi kupigana. Hiyo ndiyo raha ya hizi gemu. Shida yangu ni kwamba mambo haya yakitokea, hakuna bango linalokuja katikati ya vita kukuambia, "Boss, umepigwa kwa sababu ya matope." Unaona tu watu wako wanaanguka.

Ndiyo maana leo nataka tuangalie historia ya hii kitu. Msimamo wangu nautoa mapema usije ukasema nimekuzungusha: kwenye gemu za vita kuna aina mbili za kuficha, na watu huzichanganya kila siku. Kuna kuficha nini kiko wapi. Halafu kuna kuficha sheria inafanya kazi vipi. Ya kwanza ni vita. Ya pili ni wewe kuchezewa.

Tuanze mbali. Chesi haina ardhi. Ubao una visanduku 64, na rangi zake haziongezei mtu nguvu wala kumpunguzia. Lakini si michezo yote ya zamani ilikuwa hivyo. Xiangqi, chesi ya Uchina, iko na mto katikati ya ubao. Ndovu haruhusiwi kuuvuka. Askari wa miguu akiuvuka, anapata ruhusa ya kwenda kando, si mbele peke yake. Na huku kwetu pwani, bao la Kiswahili lina mashimo 32, lakini kila upande uko na shimo moja linaloitwa nyumba. Likiwa na kete 6 au zaidi, wewe ukiwa unakula katika hatua ya namua na ukamalizia hapo, unaweza kuchagua kulala au kusafiri. Mashimo mengine hayakupi huo uhuru. Kete ni zilezile, shimo ndilo tofauti. Hiyo ni ardhi, buda.

Lakini angalia kitu kimoja. Mto wa Xiangqi umechorwa kwenye ubao. Nyumba ya bao, kwenye mbao nyingi, imechongwa ikiwa na umbo la mraba ili hata mgeni aione. Ardhi ilikuwa na nguvu, na wachezaji wote wawili waliijua.

Mwaka 1780, huko Brunswick, mji ambao leo uko Ujerumani, mtaalamu wa hesabu aitwaye Johann Christian Ludwig Hellwig alichapisha mchezo wa vita uliotokana na chesi. Ubao wake ulikuwa na visanduku zaidi ya 1,600, vikiwa vimepakwa rangi kuonyesha milima, maji, vinamasi na misitu. Hapo pia hakuna siri. Unaona rangi, unajua sheria.

Kisha 1824 ikaja mabadiliko makubwa. Luteni wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa mchezo wake, Kriegsspiel. Huu ulichezwa juu ya ramani, si visanduku, na ulikuwa na refa. Wachezaji walimpa refa amri zao, yeye akapiga hesabu kwa dadu na majedwali, kisha akawaonyesha kile tu ambacho majeshi yao yangeweza kuona. Kama adui yuko nyuma ya kilima, haumwoni. Hapo ndipo kuficha kulipoingia kwenye mchezo wa vita, na kulikuwa na maana: jenerali wa kweli haoni nyuma ya kilima.

Mwaka 1876 mwanajeshi mwingine wa Prussia, Julius von Verdy du Vernois, alipendekeza tuachane na majedwali mengi na refa aamue mwenyewe kwa uzoefu wake. Sasa hata sheria iliingia kichwani mwa mtu mmoja. Lakini refa ni mtu. Vikosi vyako vikiishia mtoni unaweza kumuuliza, "Mkuu, imekuaje?" Naye atakujibu, na baada ya mchezo mnakaa chini kujadili. Wale walikuwa wanafunza maafisa. Kueleza ilikuwa sehemu ya kazi.

Turuke hadi Marekani, 1954. Charles S. Roberts anauza mchezo wake wa vita, Tactics, na baadaye anaanzisha kampuni ya Avalon Hill. Michezo hii ilikuwa ya kuwekwa mezani nyumbani, watu wawili, bila refa. Michezo ya familia hii ilizoea kuja na jedwali la ardhi lililochapishwa: msitu unafanya nini, mto unafanya nini, ukiwa juu ya mlima ulinzi wako unazidishwa mara ngapi.

Na hapa kuna kitu ambacho naona watu hawakizingatii. Kwenye meza ile, wachezaji wenyewe ndio walikuwa kompyuta. Wewe ndiye uliyehesabu. Kwa hiyo sheria ambayo hujaijua haingeweza kufanya kazi, kwa sababu hakuna mwingine wa kuifanyisha kazi. Ukisahau kwamba mto unazidisha ulinzi, basi siku hiyo mto hauzidishi chochote. Sheria na mchezaji walikuwa wamefungwa pamoja.

Fantasia ikaingia hapo. Mwaka 1971, Gary Gygax na Jeff Perren walitoa Chainmail, kitabu cha sheria za vita vya enzi za kati chenye kurasa za ziada za majoka, wachawi na elfu wa msituni. Mwaka 1975, Greg Stafford akatoa White Bear and Red Moon, vita vya ubaoni ndani ya dunia aliyoibuni mwenyewe. Fantasia ililetea ardhi wazo tamu sana. Kwenye vita vya kawaida, kilima kinamsaidia yeyote aliyekipanda. Kwenye fantasia, kilima kina mwenyewe. Elfu ni wa msitu, kibete wa shoka ni wa mlima, mjusi ni wa kinamasi. Ukimfuata kwake, unapigana naye pamoja na nyumba yake.

Halafu kompyuta ikachukua ile kazi ya kuhesabu. Mwaka 1990, kampuni ya Intelligent Systems ilitoa Fire Emblem ya kwanza huko Japani, kwenye mashine ya Nintendo. Unasogeza mtu wako, mashine inapiga hesabu, unaona matokeo. Ni rahisi na ya haraka. Lakini bila kelele, ile kamba iliyofunga sheria na mchezaji ilikatika. Kwa mara ya kwanza, sheria inaweza kukuua bila wewe kujua kwamba ipo. Mashine ni refa wa Prussia ambaye hajibu maswali.

Nikuonyeshe mfano ambao ulinishangaza kuliko yote, na hauko kwenye gemu iliyoficha namba. Uko kwenye gemu iliyozionyesha.

Kuanzia Fire Emblem ya 2002, The Binding Blade, na ile ya 2003 ambayo ndiyo ya kwanza kuuzwa nje ya Japani, ukisimama kwenye msitu dirisha dogo linakuambia: ulinzi 1, kukwepa 20. Wazi kabisa. Adui aliyekuwa na asilimia 70 ya kukugonga, sasa skrini inasema 50. Hesabu imeingia, si ndiyo?

Haijaingia. Kwenye hizo gemu, mashine haichoti namba moja ya bahati. Inachota mbili, kisha inatafuta wastani wake. Wastani wa namba mbili hupenda kukaa katikati, kwa hiyo asilimia zilizo juu ya 50 zinakuwa kubwa kuliko zinavyoandikwa, na zilizo chini zinakuwa ndogo zaidi. Ile 70 ya skrini, kwa kweli ni karibu 82. Ile 50 inabaki karibu 50. Kwa hiyo msitu ulioandikwa 20 umekupa 32.

Sasa mchukue jamaa mwingine, mzito, wa chuma mwili mzima, ambaye adui anamgonga kwa asilimia 100. Mweke kwenye msitu uleule. Skrini inasema 80. Ukweli ni karibu 92. Yeye msitu umempa 8.

Na mchukue mwepesi, yule wa upanga anayeruka ruka, ambaye adui ana 30 tu juu yake. Kwenye msitu inaandikwa 10. Ukweli ni kwamba ametoka karibu 18 hadi 2. Alikuwa anagongwa mara 18 kwa 100, sasa ni mara 2. Huyo hata haguswi tena.

Msitu ni mmoja. Kibandiko ni kimoja, 20. Lakini mmoja kapewa 32, mwingine 8, na mwingine karibu kageuzwa mzimu. Mchezaji aliyemwamini msitu akamweka jamaa wa chuma pale kwa kujiamini anauliza mbona haufanyi kazi. Wale waliokuja kufungua msimbo wa gemu ndio walioeneza habari, wakaiita asilimia ya kweli. Jina hilo peke yake linakuambia ile nyingine walikuwa wanaionaje.

Kuna watetezi, na hoja yao ina uzito. Wanasema binadamu hatuelewi asilimia. Ukiambiwa 90 unahisi ni lazima, na ukikosa mara mbili unatupa kidhibiti ukutani. Mashine ilipoigeuza 90 kuwa 98, ilifanya namba ifanane na hisia yako. Na kwa kuwa watu wako kwa kawaida ndio wenye asilimia kubwa, ulipendelewa wewe. Ni uongo wa kirafiki.

Mimi nasema uongo wa kirafiki bado unafundisha. Unakufundisha kwamba 90 maana yake ni hakika. Halafu kijana huyo huyo, na hisia hiyo hiyo, anafungua programu ya kubeti kwenye simu, na huko hakuna anayechota namba mbili ili kumsaidia. Huko 90 ikiwa kweli ni 90, itakosa mara moja kwa kila 10, na pesa ni ya fare. Sisemi Fire Emblem ndiyo inatufilisi, usiniwekee maneno mdomoni. Nasema namba ni lugha, na ukizoeshwa lugha kimakosa kwenye mchezo, haubadilishi masikio ukitoka nje.

Hoja ya pili ya watetezi naipenda zaidi. Wanasema kugundua ndiyo raha. Ukiambiwa kila kitu mapema, dunia ya fantasia inageuka karatasi ya hesabu. Nakubali raha ya kugundua ni ya kweli. Lakini tuulize: anayegundua ni nani? Gemu za miaka ile ziliuzwa ndani ya boksi, na mengi ya sheria yalikuwa kwenye kitabu kilichokuja nalo. Wengi wetu huku gemu zilitufikia kwa flashi ya binamu. Boksi hatukuliona, kitabu hatukukiona. Leo majedwali yako kwenye intaneti, yameandikwa na mashabiki, kwa Kiingereza, ukiwa na bando. Sheria iliyo kitabuni tu ni ya wenye kitabu. Mnaweza kukaa wawili mbele ya skrini moja, mmoja anajua kinamasi kinafanya nini na mwingine hajui, halafu mkaita hiyo mbinu. Hiyo si mbinu. Mmoja anacheza na mwingine anachezwa.

Na siri si lazima iondoke ndio haki ipatikane. Rudi kwa Heroes III hiyo hiyo. Kuna uchawi wa kutega mabomu ardhini na mwingine wa kutega mchanga unaomeza. Adui haoni mitego hiyo, isipokuwa awe na viumbe ambao hapo ni nyumbani kwao. Mwenyeji anaiona. Hii naona ni moja ya sheria tamu zaidi kwenye gemu yote: mgeni anakanyaga, mwenyeji anazunguka, maana huo udongo anaujua. Mahali mitego ilipo pamefichwa. Sheria inayosema nani ataiona, uchawi wenyewe umeieleza.

Au chukua The Battle for Wesnoth, mradi ulioanzishwa na David White 2003. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na haidai kompyuta ya bei kali. Kwenye Wesnoth ardhi ndiyo kila kitu. Kibete akiwa kwenye tambarare anakwepa asilimia 30 ya mapigo. Kwenye vilima ni 60, milimani ni 70. Mtu wa majini kwenye maji ya kina kifupi ana 60, ukimtoa nchi kavu anabaki na 30. Hata saa ni ardhi: wa mwanga wanaongezewa madhara kwa asilimia 25 mchana na kupunguziwa 25 usiku, na wa giza kinyume chake. Haya yote skrini inakuonyesha kabla hujasogea. Kabla ya kushambulia, unaona nafasi yako ya kugonga.

Je, imekuwa karatasi ya hesabu? Hapana. Kuna elfu anaitwa Ranger mwenye uwezo wa kujificha msituni. Akiwa ndani ya miti haumwoni hadi umkaribie. Sheria hiyo unaweza kuisoma ukiwa umekaa, bila bando, bila kitabu. Lakini kujua sheria hakukuambii yuko kwenye mti upi. Unauangalia msitu, unajua kabisa unachoweza kufanyiwa, na bado unaogopa kuingia. Hofu hiyo ni safi kuliko ile ya kupigwa na namba usiyoijua, maana hapa uamuzi ni wako.

Huyo ndiye refa wa 1824 ninayemtaka: anaficha jeshi nyuma ya kilima, lakini hafichi kilima kinafanya nini. Kompyuta inaweza kufanya hivyo vizuri kuliko binadamu yeyote. Ni watengenezaji tu waamue.

Kwa hivyo ukipata gemu mpya ya zamu, kabla ya kuanza kampeni, ipime hivi. Mpeleke askari mmoja kwenye kila aina ya ardhi na uangalie namba zake: zinabadilika, na je, umeambiwa kwa nini? Halafu shambulia mara 20 kwa asilimia ileile na uandike umegonga mara ngapi. Mara 20 haitoshi kuthibitisha, lakini ikiandikwa 70 na hukosi karibu kamwe, anza kushuku. Mwisho, tafuta kama sheria ziko ndani ya gemu yenyewe au inabidi uende kuziomba nje.

Gemu ikifeli hapo, haimaanishi uifute. Heroes III mimi siifuti. Lakini ukijua matope yako upande wa nani, ukishindwa utajua umeshindwa na nini. Sasa niambie yako: ni gemu gani ardhi ilikupiga bila kukuambia, na ulikuja kujua vipi?